Mama, Nataka Kujifunza Kuzamia

Mama mmoja wa Ukunda, pwani ya kusini ya Kenya, ni mama karanga. Kila alasiri huketi penye karai lake kando ya barabara, akikaanga samaki na kuwauzia wapita njia. Hukaanga changu, tafi, na mara nyingi vipande vya papa. Papa hamtishi. Anajua namna ya kumchuna ile ngozi yake iliyo kama msasa, namna ya kumwondolea harufu kali kwa ndimu, na ni mteja gani atakayekuja kumwulizia.

Lakini jioni moja mwanawe wa pili, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akifua taulo katika hoteli moja, alimjia akasema, "Mama, nataka kujifunza kuzamia. Wameniambia nikijua, nitapewa kazi ya kuwapeleka wageni chini ya maji."

Mama hakujibu, na usiku ule hakupata usingizi. Wiki chache tu kabla ya hapo alikuwa ameona kwa jirani sinema ya papa mkubwa mweupe anayewavamia watu waliokuwa wakiogelea. "Nilimbeba tumboni miezi tisa," alituambia, "nikamlea kwa moshi wa karai hili. Leo nimpeleke mimi mwenyewe kinywani mwa samaki?"

Siku ile hatukuwa na jibu la kumpa. Tulimwahidi kwamba tutauliza, tutasoma, kisha tutarudi. Haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mama ambaye mtoto wake amewahi kumwambia kwamba anataka kwenda mahali ambapo mkono wa mama haufiki.

NI SAMAKI WA NAMNA GANI?

Papa mweupe si mweupe mwili mzima. Mgongo wake ni wa kijivu, na tumbo ndilo jeupe. Ukimtazama kutoka juu huwezi kumtofautisha kwa urahisi na kina cha maji, na ukimtazama kutoka chini anachanganyika na mwanga wa anga. Hivyo ndivyo anavyomkaribia sili bila kuonekana.

Jike ndiye mkubwa kuliko dume. Madume wazima wengi wana urefu wa meta 3.5 hadi 4, lakini jike huweza kufika meta 6 hivi. Kinywani ana meno yapatayo 300 yaliyopangwa kwa safu, na kila jino lina makali kama ya msumeno. Jino likitoka, la safu ya nyuma husogea mbele kuchukua nafasi yake.

Tofauti na samaki walio wengi, mwili wake huwa na joto kuliko maji yanayomzunguka, ndiyo sababu anaweza kuwinda kwa nguvu katika bahari za baridi. Tena puani pake mna vitundu vidogo vilivyojaa kitu kama uteute, na kwa vitundu hivyo huhisi umeme mdogo sana unaotoka katika misuli ya kiumbe kingine. Hata moyo unaodunda, yeye huuhisi akiwa karibu.

Je, anapatikana kwetu? Makao yake yanayojulikana zaidi ni Afrika Kusini, Australia ya kusini, New Zealand na pwani ya California. Hupenda mahali penye sili wengi, na sili hawako katika pwani yetu ya joto. Lakini ni msafiri. Mwaka 2000 wanasayansi walichapisha taarifa za kwanza za papa weupe waliopatikana Kenya, Zanzibar, Madagaska na Mauritius. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mama yule kwamba papa mweupe hafiki kamwe katika bahari yetu. Tunaloweza kumwambia ni kwamba hufika kwa nadra sana.

Mfano wa safari zake ni jike mmoja aliyepewa jina la Nicole. Mwezi Novemba 2003 alifungwa chombo cha kumfuatilia huko Afrika Kusini. Siku 99 baadaye alikuwa amefika pwani ya magharibi ya Australia, na kabla ya miezi tisa kwisha alikuwa amerudi Afrika Kusini. Alikuwa ameogelea zaidi ya kilometa 20,000. Hakuna aliyejua kabla ya hapo kwamba papa mweupe aweza kuivuka Bahari ya Hindi, kwenda na kurudi.

ALIYERUDI KUTOKA KINYWANI

Tarehe 8 Desemba 1963, kijana wa miaka 23 aitwaye Rodney Fox alikuwa katika mashindano ya kuvua samaki kwa mshale chini ya maji, katika ufuko wa Aldinga, kusini ya mji wa Adelaide huko Australia. Alikuwa akimlenga samaki wake kitu kikubwa kilipomgonga kwa nguvu ubavuni. Papa mweupe alikuwa amemshika kifuani na mgongoni.

Fox alimpapasa papa usoni akitafuta macho yake ayachome. Papa alimwachia, lakini katika kumsukuma mkono wake ukaingia kinywani mwa mnyama yule ukararuliwa. Alipofika juu kuvuta pumzi, papa alirudi, na safari hii akameza boya lililokuwa na samaki wa Fox, akamburuta chini kwa kamba iliyokuwa imefungwa kiunoni mwake. Kamba ilikatika, naye akaibuka. Watu waliokuwa na mashua walikuwa karibu, wakamwopoa.

Mbavu zake zilikuwa zimevunjika na pafu limetobolewa. Vazi la mpira alilovaa ndilo lililoushikilia mwili wake pamoja mpaka alipofikishwa hospitali. Madaktari walimshona nyuzi 462.

Tulipofika hapo katika kumsimulia, mama karanga alishika kichwa. Lakini tulimwomba asubiri, kwa maana habari haikuishia hapo. Fox alipona, akarudi baharini. Siku moja, akiwatazama simba katika bustani ya wanyama, aliwaza: simba yumo kizimbani na watu wako nje, je, baharini mtu akiingia kizimbani papa akawa nje? Akatengeneza kizimba cha chuma cha kuwatazamia papa weupe chini ya maji. Kutokana na wazo hilo ndipo ilipoanza shughuli ambayo leo hupeleka wageni kuwaona papa huko Australia. Mtu aliyeumwa kuliko wengi akatumia maisha yake yote akiwatetea papa.

MWANAMKE ALIYETOKA NJE YA KIZIMBA

Tunapozungumza habari za papa, wengi hudhani ni mambo ya wanaume. Basi yafaa tumtaje Valerie Taylor, aliyezaliwa Australia mwaka 1935. Akiwa na miaka 12 aliugua polio, ikambidi ajifunze kutembea upya. Ndani ya maji mwili wake ulikuwa mwepesi, naye akawa mwogeleaji hodari, kisha mvuvi wa mshale. Aliolewa na Ron Taylor, mpiga picha za chini ya maji, nao wakafanya kazi bega kwa bega mpaka Ron alipofariki mwaka 2012.

Mume na mke hawa walikuwamo katika safari ya kumtafuta papa mweupe iliyotengenezewa filamu ya mwaka 1971. Walianzia Durban, wakaizunguka Bahari ya Hindi, na hatimaye wakampata Australia ya kusini. Huko Durban, penye mzoga wa nyangumi, Valerie na wenzake walitoka nje ya vizimba wakawa kati ya papa wengi wa aina nyingine waliokuwa wakila. Na mwezi Januari 1992, huko Afrika Kusini, yeye na mumewe pamoja na wenzao wachache walimpiga picha papa mweupe bila kizimba chochote, jambo ambalo halikuwahi kufanywa.

Si kwamba hawakuogopa. Walikuwa wamemsoma papa kwa miaka thelathini, jinsi anavyokuja, anavyozunguka na anavyoonya. Hatumshauri mtu yeyote kuwaiga. Lakini tumemtaja mama huyu kwa sababu hofu yake ilipungua kadiri alivyozidi kumjua aliyekuwa akimwogopa.

SINEMA ILIYOTISHA DUNIA

Sinema iliyomkosesha mama yetu usingizi ilitoka mwaka 1975, kutokana na kitabu cha Peter Benchley cha mwaka 1974. Papa halisi wanaoonekana humo walipigwa picha na Ron na Valerie Taylor huko Australia. Kwa kuwa papa wa kweli hakuwa mkubwa kama yule wa hadithi, walitengeneza kizimba kidogo na kumtafuta mtu mfupi wa kuingia ndani, ili papa aonekane jitu. Sehemu nyingine nyingi papa ni chombo tu, kilichoundwa kwa mitambo.

Baada ya sinema hiyo watu wengi waliona fahari kuwaua papa. Benchley mwenyewe alijuta, na kwa miaka mingi kabla ya kufa kwake mwaka 2006 alifanya kazi ya kuwatetea.

Ukweli wa hesabu ni huu. Chuo Kikuu cha Florida hutunza kumbukumbu za watu walioumwa na papa duniani kote. Katika mwaka 2024, watu walioumwa bila kumchokoza papa walikuwa 47, na waliokufa kati yao walikuwa 4. Hao ni wa papa wa kila aina, katika bahari zote za dunia. Wengi wa wanaoumwa huwa juu ya maji, wakiogelea au wakiteleza mawimbini kwa ubao. Wazamiaji walio chini, wanaomwona papa naye akiwaona, ni wachache mno.

PAPA NAYE NI MAMA

Jambo lililomshangaza zaidi mama karanga, hata akaacha kugeuza samaki karaini, ni habari za uzazi wa papa huyu.

Jike wa papa mweupe hazai upesi. Wanasayansi waliochunguza pingili za uti wa mgongo za papa wa Atlantiki ya Kaskazini walikadiria mwaka 2015 kwamba jike hufikia umri wa kuzaa akiwa na miaka kama 33. Huweza kuishi miaka 70 na zaidi. Mimba yake inadhaniwa kuchukua mwaka mmoja au zaidi. Mayai hupasukia ndani ya tumbo la uzazi, na watoto hulishwa humo humo: mwanzoni kwa majimaji yenye mafuta kama maziwa, yanayotolewa na tumbo la mama, kisha kwa mayai mengine yasiyorutubishwa. Huzaliwa wachache, kila mmoja akiwa na urefu wa zaidi ya meta moja. Tangu siku hiyo mama hawalei. Kila mtoto huenda zake peke yake.

"Siku ile ile?" mama aliuliza.

Siku ile ile.

Kiumbe anayeanza kuzaa baada ya miaka 33, tena watoto wachache, akiuawa leo pengo lake halizibwi mapema. Kwa sababu hiyo Afrika Kusini ilimlinda kwa sheria mwaka 1991, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Mwaka 2004 mataifa yalikubaliana kuidhibiti biashara ya meno, mataya na mapezi yake.

Naye pia ana adui anayemwogopa. Huko Gansbaai, Afrika Kusini, ambako watalii walimiminika miaka mingi kuwaona papa weupe kutoka vizimbani, mizoga ya papa ilianza kuokotwa ufukoni mwaka 2017. Ilikuwa imepasuliwa na maini yametolewa. Waliofanya hivyo ni nyangumi wauaji, hasa wawili wanaojulikana kwa mapezi yao ya mgongoni yaliyolala, mmoja kushoto na mwingine kulia. Papa weupe wakaihama sehemu ile kwa wiki na miezi, na wenye mashua za watalii wakabaki wakitazama maji matupu.

MZAMIAJI AKIMWONA AFANYEJE?

Haya ndiyo wafundishwayo wazamiaji kuhusu papa wakubwa. Tumeyaandika hapa ili mama ajue mwanawe anafundishwa nini.

Kwanza, asikimbie. Kiumbe kinachokimbia hufanana na windo. Ageuke amtazame papa, amfuate kwa macho kila anakozunguka, kwa sababu papa mweupe hupenda kuvizia asiyemwona.

Pili, wazamiaji wakae pamoja, ikiwezekana migongo yao ikielekea mwamba, ili papa asipate njia ya nyuma. Wasirushe mikono wala miguu.

Tatu, papa akiisha kwenda, wapande juu polepole na kwa utulivu. Hili ni muhimu kuliko yote. Hewa anayovuta mzamiaji kutoka katika mtungi akiwa meta 10 chini huongezeka ukubwa mara mbili afikapo juu. Mtu akipanda kwa woga huku ameziba pumzi, mapafu yaweza kupasuka. Na akipanda haraka kutoka kina kirefu, gesi iliyo katika damu hutoa mapovu yanayoweza kumlemaza au kumwua. Kwa hiyo hofu ya papa yaweza kumdhuru mzamiaji hata papa asipomgusa.

Nne, kuna mahali na saa za kuepuka: penye samaki wanaovuliwa na damu majini, penye maji machafu yasiyoona mbali, na wakati wa alfajiri au magharibi.

Mtu akiumwa na papa, kinachoua upesi ni kupoteza damu. Atolewe majini, jeraha likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa, na kama damu yaruka kutoka mguuni au mkononi, kiungo kifungwe kwa kukaza juu ya jeraha. Afunikwe asipate baridi, akimbizwe hospitali.

HATARI ILIYO KARIBU ZAIDI

Hatuwezi kufunga habari hizi bila kusema jambo moja kwa akina mama wenzetu, hata kwa walio mbali na bahari. Katika mwaka 2021, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji. Karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Linganisha na wale wanne wa papa.

Wengi wa watoto hao hawakuwa baharini. Kuna lambo la ng'ombe, kisima kisichofunikwa, mto wa kuchotea maji, hata ndoo iliyoachwa uani. Mtoto anayejifunza kutembea akiinama ndani ya ndoo, kichwa humzidi uzito, hawezi kujiinua, wala hapigi kelele. Mama huwa jikoni, hatua chache tu.

Basi, ndoo ikishatumika imwagwe au ifunikwe. Kisima kiwe na kifuniko kizito. Mtoto mdogo asiachiwe mtoto mwenzake wamwendee mto. Na aliyefikia umri wa kujifunza kuogelea afundishwe na mtu mzima anayejua. Wengi wetu tumekaza kuwaambia watoto wasikaribie maji, tukidhani tumewalinda. Mtoto asiyejua kuogelea siku moja huyakaribia tu.

TULIPORUDI UKUNDA

Tulimsomea mama karanga haya yote, naye akasikiliza huku akipanga samaki wake. Mwisho alisema, "Kumbe sinema ile ilinificha la maana. Nilikuwa naogopa meno, kumbe niogope kupanda haraka."

Kesho yake alivaa leso yake nzuri, akaenda mwenyewe kuonana na mwalimu wa kuzamia. Alimwuliza maswali matano. Mwalimu ana cheti? Mitungi hukaguliwa lini? Mwanafunzi mmoja huongozana na nani chini ya maji? Mashua ina hewa ya oksijeni na sanduku la huduma ya kwanza? Na bahari ikichafuka, nani mwenye kusema leo hatuendi? Mwalimu alimjibu yote, tena kwa heshima. Alimwambia kwamba wageni wengi hawamwulizi hata moja.

Siku ya kwanza ya kijana kuzamia baharini, mama alisimama ufukoni tangu asubuhi, karai halikuwashwa. Mashua iliporudi mwanawe alishuka huku anacheka, macho mekundu kwa chumvi, akasema amemwona kasa na pweza mmoja aliyejificha katika tundu la mwamba.

"Na papa?" mama aliuliza.

"Papa hapana, Mama."

Tulipomwona mara ya mwisho tulimwuliza kama sasa analala vizuri mwanawe akiwa kazini. Alicheka, akageuza kipande cha papa karaini. "Silali mpaka arudi," alisema. "Lakini hilo halikuanza na bahari. Hata alipokuwa akienda shule nilikuwa hivyo hivyo."